Kusoma mekanika na uhusianifu maalumu kama somo moja

Mwanafunzi anayeanza shahada ya kwanza ya fizikia hukutana na mekanika, yaani elimu ya mwendo na kani, mapema sana, na katika vyuo vingi uhusianifu maalumu, nadharia ya Einstein kuhusu muda, nafasi na mwendo, huwekwa mwishoni mwa kozi hiyohiyo au mwanzoni mwa ile inayofuata. Mpangilio huo una sababu nzuri, lakini mara nyingi sababu yenyewe haielezwi, na hivyo mwanafunzi huziona sehemu hizo mbili kama masomo yasiyojuana: la kwanza ni la miteremko, kapi na magurudumu, na la pili ni la saa zinazochelewa na fimbo zinazofupika. Kwa maoni yangu, utengano huo huwachosha wanafunzi kuliko hesabu zenyewe. Swali linalobeba sehemu zote mbili ni moja: watu wawili ambao mmoja anasogea kwa kasi isiyobadilika mbele ya mwenzake wakiyapima matukio yaleyale, ni vipimo gani watatofautiana na ni vipi watakubaliana? Newton ana jibu lake, Einstein ana jibu jingine, na chanzo cha tofauti ya majibu hayo ni dhana moja tu kuhusu muda.

Ugumu wa sehemu hizi haufanani. Mekanika inadai hesabu nyingi, yaani vekta, kalkulasi na milinganyo ya utofautishaji, lakini mambo inayoyazungumzia tunayaona kwa macho kila siku. Uhusianifu maalumu, kwa kiwango cha mwaka wa kwanza, haudai zaidi ya aljebra na kanuni ya Pithagora, ilhali matokeo yake yanapingana na mazoea yote tuliyojijengea tukiishi miongoni mwa vitu vinavyokwenda polepole. Aliyefaulu mekanika kwa kukariri fomula huingia katika uhusianifu na tabia ileile, na baada ya muda mfupi hujikuta katika mkanganyiko ambao hakuna fomula ya kumtoa. Kwa hiyo inafaa tuanzie kwenye mekanika yenyewe na namna inavyostahili kusomwa.

Sheria za Newton zinasema nini hasa

Kwa wanafunzi wengi, mekanika ya sekondari ilikuwa ni fomula chache kama v = u + at. Fomula hizo ni za kweli pale tu mchapuko, yaani kiasi ambacho velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake) inabadilika kila sekunde, usipobadilika. Kitu kinachoanguka huku hewa ikikipinga, kizito kilichofungwa kwenye springi, au sayari inayolizunguka Jua, vyote vina mchapuko unaobadilika kila wakati, na hapo v = u + at haina kazi. Chuoni, sheria ya pili, F = ma (kani ni tungamo mara mchapuko), inapaswa kusomwa kama mlinganyo wa utofautishaji: ukijua kani katika kila mahali, pamoja na mahali na velositi ya kitu mwanzoni, unaweza kukokotoa safari yake yote itakayofuata. Fomula za sekondari ni jibu la mlinganyo huo kwa hali moja nyepesi.

Sheria ya tatu, kwamba kitu kikikisukuma au kukivuta kingine, nacho husukumwa au huvutwa na hicho kwa kani sawa ya upande wa pili, ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Chukua kitabu kilichotulia juu ya meza. Uzito wake unakivuta chini, na meza inakisukuma juu kwa kani iliyo sawa na uzito huo. Wengi huandika kwamba kani hizo mbili ni jozi ya sheria ya tatu, na sivyo. Jozi ya sheria ya tatu haiwezi kukaa ndani ya kitu kimoja: Dunia inakivuta kitabu, na kitabu nacho kinaivuta Dunia, meza inakisukuma kitabu, na kitabu kinaisukuma meza. Uzito wa kitabu na msukumo wa meza vimelingana kwa sababu tu kitabu hakina mchapuko. Iweke meza hiyo ndani ya lifti inayoanza kupanda, na msukumo wa meza utauzidi uzito wa kitabu, huku kani mbili za kila jozi ya kweli zikibaki sawa kwa sawa. Ndiyo sababu walimu husisitiza mchoro wa kitu kimoja peke yake pamoja na kani zote zinazokigusa au kukivuta, bila kuchora zile ambazo chenyewe kinavifanyia vitu vingine. Mwanafunzi anayeuruka mchoro huo ili kuokoa muda huupoteza maradufu baadaye, akitafuta alama ya kutoa iliyokwenda kombo.

Sheria ya kwanza hutajwa haraka, kana kwamba ni hali ndogo tu ya sheria ya pili ambamo kani ni sifuri. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Mtu aliye ndani ya gari linalofunga breki ghafla huona mfuko ulio kwenye sakafu ukiserereka mbele bila chochote kuusukuma. Kwake yeye, sheria ya pili imevunjika: mchapuko upo, kani haipo. Kwa aliyesimama kando ya barabara hakuna kioja, kwa sababu mfuko umeendelea tu na mwendo uliokuwa nao, na kilichobadili mwendo ni gari. Kinachosemwa na sheria ya kwanza, basi, ni kwamba kuna fremu za marejeo, yaani mitazamo ya upimaji yenye mihimili na saa zake, ambamo kitu kisichosukumwa hubaki katika mwendo wake ulionyooka. Hizo huitwa fremu za inesha, na ni ndani yake tu ndipo sheria ya pili inaposimama bila kuongezewa kani za bandia.

Kanuni ya Galileo, na sentensi isiyoandikwa

Mwaka 1632 Galileo alieleza jaribio la ndani ya chumba cha chini cha meli. Matone yanayodondoka, vipepeo wanaoruka na vitu vinavyorushwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine vitaonekana vilevile, meli ikiwa imetia nanga au ikisafiri kwa mwendo laini usiobadilika. Hakuna jaribio la ndani ya chumba litakalokuambia kama meli inakwenda. Kwa lugha ya leo tunasema sheria za mekanika ni zilezile katika kila fremu ya inesha.

Kwa alama, mtu anayesogea kwa velositi v kwenye mhimili wa x atapima x' = x − vt. Ukiifuatilia mahesabu yake, velositi za kila kitu zitapungua kwa v, lakini mchapuko hautabadilika hata kidogo, kwa kuwa v haibadiliki na wakati. Watu wawili hao watatofautiana kuhusu mahali na velositi, na watakubaliana kuhusu mchapuko, na kwa hiyo kuhusu kani. Ila kuna mlinganyo wa pili ambao vitabu vingi huuacha bila kuuandika kwa sababu unaonekana hauna haja ya kuandikwa: t' = t. Mwanafunzi auandike, kila mara, kwa mkono wake, kwani baadaye ni huo utakaobomolewa.

Sasa tuchukue mgongano mmoja ambao tutauchunguza hadi mwisho. Tufe la kilogramu 2 linakwenda kwa meta 6 kwa sekunde, linaligonga tufe jingine la kilogramu 2 lililotulia, na yote mawili yanagandamana. Momenta ya mwanzo (tungamo mara velositi), ambayo jumla yake mgongano hauibadilishi, ni 12, tungamo la pamoja ni kilogramu 4, basi velositi ya mwisho ni meta 3 kwa sekunde. Nishati mwendo ilikuwa jouli 36, sasa ni jouli 18. Jouli 18 zimegeuka joto.

Mtu mwingine anasogea kwa meta 3 kwa sekunde kuelekea upande uleule. Kwake yeye, tufe la kwanza linakuja kwa 3, la pili linakuja kwa 3 kutoka upande wa pili, yanagongana na kusimama. Momenta ni sifuri kabla na sifuri baadaye. Nishati mwendo ilikuwa jouli 18, sasa hakuna. Nishati ya mwanzo watu hawa hawakubaliani, 36 dhidi ya 18, na ya mwisho hawakubaliani, 18 dhidi ya sifuri, lakini joto lililozalishwa ni jouli 18 kwa wote wawili. Hivyo ndivyo inavyopasa, maana kipimajoto kilichobandikwa kwenye matufe kinaonyesha namba moja bila kujali ni nani anayekisoma.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, nishati mwendo si mali ya kitu peke yake. Ni uhusiano wa kitu na fremu inayokipima. Pili, fremu ambayo momenta yote ni sifuri hurahisisha hesabu kiasi cha kuifanya isomeke kwa jicho tu. Anayezoea kuitafuta fremu hiyo katika kila swali la mgongano atafika kwenye uhusianifu akiwa na silaha yake kuu tayari.

Mahali palipovunjika

Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell aliziunganisha sheria za umeme na sumaku, na milinganyo yake ikatoa kasi ya mawimbi ya sumakuumeme, inayolingana na kasi ya nuru: takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Milinganyo haikusema kasi hiyo inapimwa na nani. Kwa mujibu wa Galileo, kasi isiyo na mpimaji haina maana, hivyo wanafizikia wakadhani kwamba kuna kitu kinachojaza anga lote, wakakiita etha, na kwamba kasi ya nuru ni kasi ndani ya etha hiyo. Mwaka 1887, mjini Cleveland nchini Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walipima kama kasi ya nuru inatofautiana kati ya njia inayofuata mwendo wa Dunia kulizunguka Jua, ambao ni kilometa 30 hivi kwa sekunde, na njia inayoukata. Chombo chao kilikuwa na uwezo wa kuiona tofauti iliyotarajiwa, na haikuonekana.

Mara nyingi wanafunzi huambiwa kwamba Einstein alianzia hapo. Makala yake ya mwaka 1905 inaanza kwingine: kwa sumaku na waya. Sumaku ikisogea karibu na waya uliotulia, nadharia ya wakati huo ilitoa maelezo ya namna moja kuhusu mkondo unaotokea. Waya ukisogea karibu na sumaku iliyotulia, ilitoa maelezo mengine kabisa. Na bado mkondo unaopimwa ulikuwa uleule. Einstein aliona kwamba kinachohusika ni mwendo wa kimoja kwa kingine tu. Akaweka misingi miwili: sheria zote za fizikia, si za mekanika pekee, ni zilezile katika kila fremu ya inesha, na kasi ya nuru katika ombwe ni ileile kwa kila mpimaji, chanzo chake kiwe kinasogea au kimetulia. Ukiiangalia vizuri, misingi hii inahifadhi kanuni ya Galileo na kuipanua. Kilichotolewa kafara ni t' = t.

Kuonyesha hilo, fikiria saa iliyotengenezwa kwa vioo viwili vinavyotazamana, na mwale wa nuru unaoruka baina yake. Kwa aliye pamoja na saa, mwale unapanda wima umbali wa c (kasi ya nuru) mara t₀ (muda kwa saa hiyo). Kwa anayeiona saa ikipita kwa kasi v kuelekea upande, mwale unakwenda mshazari, kwa sababu kioo cha juu kimesogea vt kabla haujakifikia. Njia ya mshazari ni ndefu zaidi, na kasi ya nuru ni ileile, basi muda lazima uwe mrefu zaidi. Pithagora anatupa (ct)² = (ct₀)² + (vt)². Kasi ikiwa 0.6 ya kasi ya nuru, pembetatu inakuwa ile maarufu ya 3, 4 na 5, na t = 1.25 t₀. Uwiano huo huitwa gama, na kwa jumla ni 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha 1 − v²/c².

Hoja hii ina pengo ambalo mwanafunzi makini ataliuliza: kwa nini umbali wa wima baina ya vioo haukubadilika? Fikiria fimbo mbili za wima zenye urefu sawa zikipishana, kila moja ikiwa na wino kwenye ncha. Kama mwendo ungefupisha urefu ulio wima kwa mwelekeo wake, fimbo ya kwanza ingeichora ya pili chini ya ncha yake, na kwa hoja hiyohiyo ya pili ingeichora ya kwanza. Alama za wino hubaki baada ya kupishana na kila mtu anaziona. Haziwezi kuwepo zote mbili. Kwa hiyo urefu ulio wima kwa mwendo haubadiliki.

Kiini cha ugumu wote

Saa yangu inaiona yako ikichelewa, na yako inaiona yangu ikichelewa. Wengi hukwama hapa, na wengine huanza kuamini kwamba nadharia nzima ni mchezo wa maneno. Ufunguo hauko katika kurefuka kwa muda. Uko katika swali la matukio gani yametokea kwa wakati mmoja, na laiti kozi zingeanza na swali hilo kabla ya kutaja saa inayochelewa.

Chukua chombo kirefu chenye taa katikati. Taa ikiwaka, kwa waliomo ndani nuru inafika ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa anayekiona chombo kikipita, ncha ya nyuma inakuja kukutana na nuru na ncha ya mbele inaikimbia, na kwa kuwa nuru inakwenda kwa kasi ileile pande zote, inafika nyuma kwanza. Hakuna aliyekosea, wala hakuna aliyedanganywa na macho; hata baada ya kila mmoja kuondoa muda ambao nuru ilitumia kumfikia, tofauti inabaki. Sasa weka saa kwenye kila ncha, zilizopatanishwa na waliomo ndani. Kwa mtazamaji wa nje, wakati wowote, saa ya nyuma inasoma mbele kuliko ya mbele kwa kiasi cha Lv/c², ambapo L ni urefu wa chombo kama unavyopimwa na waliomo. Kama L ni sekunde 10 za mwendo wa nuru na kasi ni 0.6, tofauti ni sekunde 6.

Basi ninaposema saa yako inachelewa, nimelinganisha saa yako moja na saa zangu mbili, moja mahali ulipoanzia na nyingine mahali ulipofika, na wewe hukubali kwamba saa zangu mbili zimepatanishwa. Mgongano wa kauli umeisha. Kutokana na hilo napendekeza kanuni moja ya kazi: kabla ya kutumia fomula yoyote, andika matukio. Tukio ni mahali pamoja na wakati mmoja, mfano "ncha ya mbele imefika mlangoni". Fomula ya kurefuka kwa muda ni halali pale tu saa moja inapokuwepo kwenye matukio yote mawili. Fomula ya kufupika kwa urefu, yaani kwamba kitu kinachosogea hupimwa kifupi kwa uwiano uleule wa gama, ni halali pale tu ncha mbili zinapopimwa kwa wakati mmoja katika fremu ya mpimaji. Penye shaka, ziache zote mbili na utumie mageuzi kamili ya Lorentz, yaani milinganyo inayogeuza mahali na wakati wa tukio kutoka fremu moja hadi nyingine, kwa kila tukio. Ni marefu kidogo kuandika, lakini hayana mtego.

Ushahidi wa haya si wa kufikirika. Muoni ni chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi yake mara 207 hivi, na wastani wa uhai wake ukiwa umetulia ni maikrosekunde 2.2. Muoni nyingi huzaliwa juu angani miale ya kutoka anga za mbali inapoipiga hewa. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walihesabu muoni zenye kasi inayokaribia 0.995 ya kasi ya nuru kwenye Mount Washington nchini Marekani, kimo cha meta 1,900 hivi, wakapata takriban 563 kwa saa. Kushuka umbali huo kunachukua maikrosekunde 6.4, karibu mara tatu ya wastani wa uhai wao, kwa hiyo karibu na usawa wa bahari zingetarajiwa takriban 30 tu. Walihesabu 408 hivi. Saa za muoni zilikuwa zimechelewa mara tisa hivi. Ukihamia kwenye fremu ya muoni, yenyewe imetulia na uhai wake ni wa kawaida, lakini mlima unaopita mbele yake una urefu unaozidi kidogo tu meta 200. Maelezo ni mawili, idadi ya muoni zinazofika chini ni moja, kama lilivyokuwa joto la matufe yetu.

Mgongano uleule kwa kasi kubwa

Turudi kwenye matufe ya kilogramu 2, ila sasa katika fremu ya momenta sifuri kila moja linakuja kwa 0.6 ya kasi ya nuru. Yanagandamana na kusimama. Mtu aliye katika fremu ya tufe la pili hatapata 1.2 kwa kasi ya la kwanza, kwani kanuni mpya ya kujumlisha velositi inatoa 1.2 gawa kwa 1.36 (1 jumlisha 0.6 × 0.6), yaani 15/17 au 0.88. Akitumia momenta ya Newton, atapata 2 × 0.88, sawa na 1.76, kabla ya mgongano, na 4 × 0.6, sawa na 2.4, baadaye. Momenta haikuhifadhiwa. Tunalazimika kuchagua: ama tuache kanuni ya hifadhi, ama tubadili maana ya momenta.

Momenta iliyo sahihi ni gama mara mv, na nishati ni gama mara mc². Tukipima kasi kwa kipimo cha c ili vyote viandikwe kwa kilogramu, tufe la kwanza lina gama ya 17/8, momenta yake ni 3.75 na nishati yake ni 4.25. Tufe lililotulia lina nishati 2. Jumla ya nishati ni 6.25, jumla ya momenta ni 3.75, na momenta gawa kwa nishati inatoa velositi ya mwisho, 0.6, kama tulivyotarajia. Tungamo la mwisho linatokana na E² − p², E ikiwa nishati na p momenta: 39.0625 toa 14.0625 ni 25, na kipeuo chake ni 5. Matufe mawili ya kilogramu 2 yamekuwa kitu cha kilogramu 5. Katika fremu nyingine hesabu ni fupi zaidi: gama ni 1.25, nishati ni 2.5 na 2.5, jumla 5. Wote wamekubaliana.

Kilogramu moja iliyoongezeka ni lile joto. Katika mgongano wa polepole tulioanza nao pia ongezeko hilo lilikuwepo: jouli 18 gawa kwa c² ni kilogramu 2 × 10⁻¹⁶, kiasi ambacho hakuna mizani ya maabara ingekiona. Newton hakuwa amekosea kwa kudhani kwamba tungamo la pamoja ni 4. Alikuwa sahihi hadi tarakimu ya kumi na sita. Na gama mara mc², v ikiwa ndogo, inakuwa mc² jumlisha nusu ya mv². Nishati mwendo ya sekondari imejitokeza yenyewe, na nyuma yake ipo nishati ya tungamo ambayo mekanika ya zamani haikuwa na namna ya kuiona kwa sababu ilidhani tungamo halibadiliki.

Baadhi ya vitabu vya zamani hufundisha kwamba tungamo la kitu huongezeka kinapokwenda kasi. Nawashauri wanafunzi waiache njia hiyo. Tungamo likiwa namba moja ambayo kila fremu inaikubali, E² − p² inapata sura ileile ya t² − x², ambayo Hermann Minkowski aliionyesha mwaka 1908 kuwa ni umbali wa matukio katika muda na nafasi vikiunganishwa. Kila fremu ina muda wake na nafasi yake, nishati yake na momenta yake, lakini tofauti ya miraba yao ni ya wote. Swali letu la mwanzo, la ni vipimo gani wapimaji wote watakubaliana, limejibiwa hapo.

Fumbo la mapacha, ambalo kwa kawaida hutolewa mapema mno, sasa linaweza kukokotolewa bila hofu. Pacha mmoja anakwenda kwa 0.6 hadi nyota iliyo umbali wa miaka 3 ya nuru, kisha anarudi. Kwa aliyebaki, safari ni miaka 5 kwenda na 5 kurudi. Msafiri amezeeka miaka 4 na 4, jumla 8. Je, kwa msafiri si saa ya nyumbani ndiyo inayochelewa? Ndiyo, na anapofika kwenye nyota, kwa fremu yake ya kwenda, saa ya nyumbani inasoma miaka 3.2 tu. Anapogeuka anaingia fremu nyingine, ambayo haikubaliani na ile ya kwanza kuhusu kinachotokea nyumbani sasa hivi. Kwa fremu hiyo saa ya nyumbani inasoma 6.8, na wakati wa kurudi inaongeza 3.2, hata kufikia 10. Miaka 3.6 iliyorukwa katikati ni 2 × 3 × 0.6, yaani Lv/c² ileile ya saa za ncha mbili za chombo, mara mbili. Mshtuko wa kugeuka, hata uwe mdogo au mkubwa kiasi gani, hauingii popote katika hesabu hiyo. Kinachoingia ni kwamba msafiri ametumia fremu mbili za inesha na ndugu yake ametumia moja.